Kampuni tanzu, rangi mpya au ubia: shirika la ndege lichague lipi nchi zinapogombana?

Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa uliipa Beijing kiti cha China kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Taipei, kisiwani Taiwan. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kura ile, na watu wa rika la wazazi wetu wanalikumbuka jina la balozi wake wa wakati huo, Salim Ahmed Salim. Kisichozungumzwa sana ni mzigo ambao mabadiliko yale yaliyaachia mashirika ya ndege. Nchi moja baada ya nyingine ilihamishia ubalozi wake Beijing, na kila ilipohama, shirika lake la ndege lilibaki na swali: tunaingiaje Beijing bila kuipoteza Taipei, ambako wafanyabiashara na familia bado wanasafiri kila wiki?

Majibu yalikuwa kadhaa. Wengine waliunda kampuni tanzu yenye jina lake. Wengine walipaka rangi ndege chache na kuongeza neno moja ubavuni. Huko Berlin, katika ugomvi wa aina nyingine kabisa, jibu lilikuwa ubia na shirika la nchi yenye ruhusa. Makala hii inayaweka majibu hayo bega kwa bega kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua au kushauri: ofisa wa mamlaka ya usafiri wa anga, mpangaji wa njia katika shirika la ndege, au mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa anayetaka kujua lipi lilifanya kazi na kwa nini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kosa kubwa katika jambo hili ni kuchagua umbo la kampuni kabla ya kujua ugomvi wenyewe unakataza nini.

Kinachokatazwa ni nini hasa?

Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake. Hakuna shirika linaloingia katika anga ya mwenzake kibiashara bila ruhusa, na ruhusa hizo kwa kawaida hutoka katika mikataba ya nchi mbili. Kila upande hutaja mashirika yake, na mara nyingi mkataba hudai kwamba shirika lililotajwa limilikiwe na kuongozwa na raia wa nchi iliyolitaja. Ndiyo maana ndege yenye jina la taifa na bendera mkiani huonekana machoni pa serikali kama mkono wa dola, hata kama ndani yake wamejaa watalii na wanafunzi.

Ukiisoma migogoro ya aina hii, utaona kwamba katazo huwa la namna tatu. La kwanza ni la alama: hatutaki bendera yenu na jina la shirika lenu la taifa vionekane kule. La pili ni la uraia wa kampuni: wenye haki ya kuruka hapa ni mashirika ya nchi fulani tu, hata mbadilishe rangi namna gani. La tatu ni la ardhi yenyewe: uwanja ule hatuutambui, na yeyote anayetua pale ana hatia. Taiwan ilikuwa zaidi suala la alama. Berlin Magharibi ilikuwa suala la uraia. Crimea na kaskazini mwa Saiprasi ni suala la ardhi. Dawa ya moja haiponyi jingine.

Japan Asia Airways: kampuni kamili

Japani iliitambua Beijing mwezi Septemba 1972. Kwa zaidi ya mwaka mmoja Japan Airlines iliendelea kwenda Taipei, na China Airlines ya Taiwan ikaendelea kuja Tokyo. Mambo yaliharibika tarehe 20 Aprili 1974, Japani na Jamhuri ya Watu wa China zilipotia saini mkataba wa usafiri wa anga. Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Ohira Masayoshi, alitamka kwamba serikali yake haiichukulii alama iliyo kwenye ndege za Taiwan kuwa bendera ya taifa, wala haiichukulii China Airlines kuwa shirika linalowakilisha dola. Taipei ilijibu kwa kukata safari zote na kuzifungia ndege za Japani eneo la anga linalosimamiwa nayo. Ndege za Japani zilizokuwa zikielekea kusini mwa Asia zikalazimika kuzunguka.

Hapa pana jambo la kuzingatia kabla ya kusonga mbele. Safari hazikukatika kwa sababu ya nauli, wala idadi ya viti, wala usalama. Zilikatika kwa sababu ya kauli kuhusu bendera. Na zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Mwezi Julai 1975 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Miyazawa Kiichi, alitoa bungeni kauli ya upole zaidi, akikiri kwamba zipo nchi zinazoichukulia bendera ile kuwa ya taifa. Siku chache baadaye, tarehe 9 Julai, makubaliano ya safari yalitiwa saini. Waliosaini hawakuwa mawaziri. Ilikuwa jumuiya ya Kijapani ya mawasiliano na jumuiya ya Taiwan inayohusika na uhusiano wa Asia Mashariki, vyombo viwili vilivyoandikwa kama vya kiraia.

Baada ya makubaliano ya watu binafsi, lilihitajika shirika la kuyatekeleza ambalo nalo lingeweza kuitwa la binafsi. Japan Asia Airways ilianzishwa tarehe 8 Agosti 1975 ikiwa mali ya Japan Airlines, na ilianza kuruka kwenda Taipei tarehe 15 Septemba mwaka huo. Ilikuwa na jina lake, nambari zake za safari na nembo yake. Korongo mwekundu aliyejulikana duniani kote kwenye mikia ya Japan Airlines hakuwapo, na bendera ya Japani haikuwapo. Kwenye karatasi, shirika lililokuwa likitua Beijing halikuwa tena likitua Taipei.

Utengano huo ulifika hadi kwenye viwanja. Narita ilipofunguliwa mwaka 1978 na safari za kimataifa za Tokyo kuhamishiwa huko, China Airlines iliachwa Haneda, ili ndege zake zisiegeshwe uwanja mmoja na zile za China bara. Ilikaa Haneda hadi 2002. Kwa abiria wa Taiwan ilikuwa faida isiyotarajiwa, kwa kuwa Haneda iko karibu sana na jiji kuliko Narita.

Gharama za njia hii ni kubwa na lazima zisemwe wazi. Kampuni kamili inadai bodi, cheti cha uendeshaji, ofisi za tiketi, mifumo ya mapato na wafanyakazi wenye masharti yao. Inataka pia ndege za kutosha, maana ndege yenye korongo haiwezi kuchukuliwa dakika ya mwisho kuziba pengo la ndege iliyoharibika. Japan Asia Airways iliweza kuubeba mzigo huo kwa sababu soko la Japani na Taiwan lilikuwa nene, la biashara, la utalii na la ukaribu wa kihistoria. Baadaye iliongeza hata safari za kwenda kwingine Asia. Ilidumu zaidi ya miaka 32. Safari zake za mwisho zilikuwa tarehe 31 Machi 2008, na siku iliyofuata Japan Airlines yenyewe ikachukua njia hizo, bila Beijing kuvunja mkataba wowote.

Kwa maoni yangu, huu ndio mfano uliotimia kuliko yote. Sababu si ukubwa wa kampuni. Sababu ni kwamba kila kipande kilifanana na kingine: makubaliano ya kiraia, kampuni ya kiraia, uwanja uliotengwa, na kauli ya waziri iliyoacha nafasi ya kupumua. Anayeiga kampuni peke yake bila vipande vingine anaiga robo ya kazi.

KLM Asia na wenzake: jina moja la ziada

Kufika miaka ya 1990, Taiwan ilikuwa imetajirika na mashirika ya Ulaya na Australia yalitaka sehemu yao. Qantas ilitangulia mwaka 1990 na Australia Asia Airlines. British Airways ilifuata mwaka 1993 na British Asia Airways. Air France ikaja na Air France Asie. Mwaka 1995 zikaja Swissair Asia na KLM Asia.

Hizi zilikuwa nyepesi kuliko ile ya Japani. Ndege zilikuwa zile zile za kampuni mama, marubani na wahudumu wale wale, na kazi kubwa ilifanyika kwenye karakana ya rangi. British Asia Airways iliiondoa bendera ya Uingereza mkiani na kuweka maandishi ya Kichina. Swissair Asia iliuondoa msalaba mweupe wa Uswisi, ambao ndio bendera yenyewe, na mahali pake ikaweka herufi moja ya Kichina. Air France Asie iliacha mistari ya buluu na nyeupe na kuuondoa mwekundu, na bendera ya Ufaransa ikawa haipo tena. Kangaruu wa Qantas naye aliondoka mkiani. Ukizitazama picha za ndege hizo utashangaa jinsi mabadiliko yalivyokuwa madogo, na jinsi yalivyotosha.

Kati ya hizo tano, iliyobaki ni KLM Asia. Imesajiliwa Taiwan na inamilikiwa yote na KLM. Ndege zake zina neno "Asia" na hazina bendera ya Uholanzi, lakini usajili wa ndege ni wa Uholanzi na nambari za safari ni za KLM. Kilichoiwezesha kudumu, nionavyo mimi, ni kwamba KLM haikuzifungia ndege hizo njia ya Taipei. Huzituma popote zinapohitajika. Abiria wa Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam, miji ambayo KLM huiendea, anaweza kabisa kuikuta ndege ya namna hiyo ikimsubiri kwenda Amsterdam, na asielewe kwa nini imeandikwa Asia. Hapo ndipo akili ilipo: ndege yenye neno la ziada inafaa njia zote, na gharama ya siasa inasambaa katika mtandao mzima badala ya kuilemea njia moja.

Wenzake hawakuwa na bahati hiyo. Australia Asia Airlines ilifungwa mwaka 1996. British Asia na Swissair Asia ziliishia 2001, na Swissair yenyewe ilianguka kwa madeni mwaka huo huo. Hakuna ushahidi kwamba Beijing ndiyo iliyoziangusha. Njia ndefu yenye mapato membamba haiokolewi na umbo la kampuni. Anayepanga leo aipime njia kwanza kana kwamba hakuna ugomvi wowote. Kama hesabu hailipi hata hapo, kampuni tanzu itaongeza hasara tu.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kiasi cha utengano. Japan Asia Airways ilimwezesha mwanadiplomasia wa Japani kusema kwamba shirika la taifa halimo kabisa. KLM Asia haimwezeshi mtu kusema hivyo kwa uzito ule ule, maana nambari ya safari inajieleza. Lakini mwaka 1995 Beijing haikuwa tena inataka utengano wa 1975. Ilitaka bendera isionekane. Waholanzi walilipa bei iliyodaiwa wakati huo, bila kuongeza.

Yapo pia mashirika ambayo hayakufanya lolote. Marekani ilipoitambua Beijing mwaka 1979, Bunge lake lilipitisha mwaka huo huo sheria ya kulinda uhusiano usio wa kiserikali na Taiwan, na Northwest ikaendelea kutua Taipei kwa jina lake. Nchi kubwa ina uwezo wa kuukataa mchezo wote. Mshauri wa nchi ndogo asiuchukue mfano huo kama mwongozo.

Taipei nayo ilifanya vivyo hivyo

Watu husahau kwamba tatizo lilikuwa la pande zote mbili. China Airlines ilikuwa na bendera ya Jamhuri ya China, jina rasmi la Taiwan, mkiani, na nchi nyingi zilizoitambua Beijing hazikuweza kuipokea. Mwaka 1991 ilizaa Mandarin Airlines, ambayo safari yake ya kwanza ilikuwa Taipei hadi Sydney. Mwaka huo huo EVA Air, shirika la binafsi la kampuni ya meli ya Evergreen, lilianza kuruka bila bendera wala jina la nchi, na likafungua milango ambayo shirika la taifa lilishindwa kuifungua.

Kisha mwaka 1995 China Airlines ilichukua hatua iliyopita zote. Iliiondoa bendera kwenye ndege zake zenyewe na kuweka ua la mplamu. Hong Kong ilikuwa irudi China mwaka 1997, na ndege yenye bendera ile isingeendelea kutua kwenye uwanja uliokuwa na thamani kubwa kwake kuliko mingi. Hiyo ni njia ya nne, na ndiyo rahisi kwa hesabu: badala ya kuunda kampuni ya pili, badilisha sura ya ile ya kwanza. Bei yake hailipwi kwa fedha. Inalipwa na wananchi waliokuwa wakiiona bendera yao ikiruka, na hiyo si bei ndogo. Siwezi kumwambia mtu wa nchi nyingine aione kuwa nyepesi.

EuroBerlin France: ruhusa iko kwa nani?

Tukitoka Asia kwenda Ulaya, katazo linabadilika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, safari za kwenda Berlin Magharibi zilipitia njia tatu za anga juu ya Ujerumani Mashariki, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 32 hivi. Waliokuwa na haki ya kuzitumia ni mashirika ya Marekani, Uingereza na Ufaransa, nchi tatu za magharibi zilizokuwa na mamlaka mjini humo. Lufthansa, shirika la Ujerumani Magharibi, halikuruhusiwa kutua katika jiji la Wajerumani wenzao. Wajerumani wa Berlin walisafiri ndani ya nchi yao kwa Pan Am, British Airways na Air France.

Hapa rangi haisaidii kitu. Lufthansa ingejiita jina lolote na kufuta kila alama, bado ingekuwa kampuni ya Kijerumani. Suluhisho lilipatikana mwaka 1988. Air France na Lufthansa ziliunda EuroBerlin France, Air France ikiwa na asilimia 51 na Lufthansa asilimia 49. Asilimia zile mbili za ziada ndizo zilizoifanya kampuni kuwa ya Kifaransa, na kwa hiyo kuwa na haki ya kupita. Ndege zilikuwa Boeing 737-300 zilizokodiwa pamoja na marubani wake kutoka Monarch ya Uingereza, na kituo chake kikuu kilikuwa uwanja wa Tegel. Safari zilianza mwezi Novemba 1988. Mwaka mmoja baadaye Ukuta ulianguka, na baada ya muungano wa Oktoba 1990 Lufthansa ikarudi Berlin kwa jina lake. EuroBerlin iliendelea kwa muda, ikafungwa mwaka 1994.

Ukilinganisha na Taiwan, faida ya ubia ni uhalali wake. Hakuna anayejifanya haoni. Kampuni ni ya Kifaransa kweli, na sheria inatimizwa kweli. Hasara yake ni kwamba mwenye hisa 49 si mwenye uamuzi. Kama mwenzako akibadilisha mpango, huna pa kulalamikia, kwa sababu haki ya kuruka ni yake. Anayechagua njia hii atumie muda mwingi zaidi kuandika mkataba wa wanahisa kuliko kuchagua jina.

Pale ardhi yenyewe inapogombaniwa

Sasa tufike kwenye mifano ninayotamani kila mpangaji aisome kabla hajavutiwa na ile ya Taiwan.

Mwaka 2014, baada ya Urusi kuitwaa Crimea kutoka Ukraine, Aeroflot iliiweka kampuni yake tanzu ya nauli nafuu, Dobrolet, kwenye njia ya Moscow hadi Simferopol. Safari zilianza mwezi Juni. Tarehe 30 Julai Umoja wa Ulaya uliiweka Dobrolet kwenye orodha ya vikwazo, na sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba hadi wakati huo kampuni hiyo ilikuwa ikiruka kati ya Moscow na Simferopol pekee, kwa hiyo ilikuwa ikisaidia kuiunganisha Crimea na Urusi. Mikataba ya kukodi ndege zake za Boeing ikavunjwa. Tarehe 4 Agosti ilisimamisha safari zote. Desemba mwaka huo Aeroflot ilianza upya na kampuni nyingine ya nauli nafuu, Pobeda.

Tazama tofauti. Kampuni ya kazi moja, ambayo kwa Japani ilikuwa kinga, hapa ndiyo iliyorahisisha adhabu. Waliotaka kuadhibu hawakuhitaji kuigusa kampuni mama. Waliikuta kampuni ndogo, yenye njia moja, na ndege za kukodi kutoka kwa watu walio chini ya sheria za Ulaya. Mtu anaweza kusema kwamba kwa Aeroflot hilo lilikuwa jambo jema, maana pigo liliishia kwa mtoto. Huenda. Lakini abiria waliokuwa wameshanunua tiketi na wafanyakazi walioajiriwa wiki chache kabla hawakuwa na pa kukimbilia, na sipendi ulinganisho unaowaacha hao nje ya hesabu.

Kaskazini mwa Saiprasi somo ni la muda mrefu zaidi. Baada ya mgawanyiko wa 1974 kisiwani humo, Watu wa Saiprasi wenye asili ya Kituruki walianzisha Kıbrıs Türk Hava Yolları wakishirikiana na Turkish Airlines. Uwanja wa Ercan unatambuliwa na Uturuki peke yake, kwa hiyo ndege inayotoka London kwenda Ercan hulazimika kwanza kutua Uturuki. Kampuni hiyo ilijaribu kupata ruhusa ya safari za moja kwa moja kutoka Uingereza, na Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa mwaka 2010. Mwaka huo huo kampuni ilifilisika. Hakuna jina, rangi wala asilimia za hisa ambazo zingeweza kuuhalalisha uwanja. Kinachowezekana pale ni hicho hicho kinachofanyika: kutua katikati, kwa gharama ya mafuta, muda na uchovu wa abiria.

Je, kwetu Afrika Mashariki?

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini. Tanzania ilijibu kwa kufuta kibali cha Kenya Airways kuanzia tarehe 1 Agosti. Mwishoni mwa mwezi huo iliongeza mashirika mengine matatu ya Kenya: AirKenya Express, Fly540 na Safarilink. Katazo liliondolewa katikati ya Septemba baada ya Kenya kurekebisha orodha yake.

Nautaja mkasa huu kwa sababu nimesikia watu wakipendekeza kwamba mashirika yetu yawe na kampuni tanzu za akiba kwa ajili ya misukosuko kama hiyo. Angalia kilichotokea. Waliofungiwa baadaye hawakuwa shirika la taifa. Walifungiwa kwa kuwa ni wa Kenya. Katazo lilikuwa la uraia, na kampuni tanzu iliyosajiliwa Nairobi ingekutwa na panga lile lile. Kwa ugomvi wa namna hiyo, kielelezo cha karibu ni EuroBerlin: hisa katika kampuni ya upande wa pili, iliyosajiliwa na kuongozwa huko. Kenya Airways imekuwa na hisa katika Precision Air ya Tanzania tangu 2003, na haki za Precision ni haki za Tanzania. Hisa zile zilinunuliwa kwa sababu za biashara, lakini huo ndio umbo ambao mpangaji wa kanda yetu angeanza kuuchunguza.

Ukitakiwa kuamua

Kama katazo ni la alama tu, na upande unaokasirika hauna haja ya kuona bodi tofauti wala cheti tofauti, chukua njia ya KLM: kampuni nyepesi, neno la ziada, ndege zinazotumika kila mahali. Usifanye zaidi. Kampuni kamili kama ya Japani ichukuliwe pale tu ambapo serikali yako inalazimika kutamka hadharani kwamba shirika la taifa halihusiki, na soko ni nene kiasi cha kulipia menejimenti ya pili kwa miaka mingi. Zote mbili zinahitaji kwanza makubaliano, hata yawe ya jumuiya za kiraia, yanayotaja shirika hilo kwa jina. Bila hayo umepaka rangi ndege isiyo na mahali pa kutua.

Kama katazo ni la uraia, acha mawazo ya rangi. Tafuta mbia mwenye haki, kubali asilimia ndogo, na uandike mapema nani ataamua ratiba, nauli na ndege. Kama katazo ni la ardhi, ushauri wangu ni kutounda kampuni kabisa hadi mawakili wa vikwazo, wenye ndege za kukodi na kampuni za bima wawe wamejibu kwa maandishi. Dobrolet ilisimama baada ya siku tano tangu ilipowekwa kwenye orodha, na kilichoisimamisha ni mikataba ya ndege.

Jambo jingine lisilopewa uzito ni kwamba ugomvi huhama. Mwaka 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ya China iliyaandikia barua mashirika zaidi ya 30 ya kigeni, ikitaka yaache kuiorodhesha Taiwan kama nchi kwenye tovuti zao. Serikali ya Marekani ilipinga kwa maneno makali, lakini mashirika mengi yalibadilisha namna yanavyoandika, hata ya Marekani yenyewe. Mikia iliyosafishwa bendera miaka ya 1990 haikuwa kinga ya kurasa za kukatia tiketi. Anayeunda kampuni leo aorodheshe kila mahali jina la mahali panapogombaniwa litakapotokea: tiketi, ramani ndani ya ndege, tangazo la rubani, programu ya simu, jarida la kwenye kiti.

Na mlango wa kutokea uandikwe siku ya kwanza. Japan Asia Airways iliweza kurudishwa ndani ya Japan Airlines kwa usiku mmoja kwa sababu ilikuwa mali ya kampuni mama, ndege zilikuwa za kundi moja, na pande mbili zilishakubaliana kwamba jina halihitajiki tena. EuroBerlin ilichukua miaka minne tangu sababu yake ilipokwisha hadi kufungwa. Katika rasimu ya mkataba, kifungu cha kuvunja kampuni kiseme wazi wafanyakazi watakwenda wapi, tiketi zilizouzwa zitabebwa na nani, na ni tukio gani la kisiasa litakaloanzisha mchakato huo. Kifungu hicho kijadiliwe kabla mafundi wa rangi hawajaitwa.